Baba Mdogo kwa Kiingereza

Leo nataka tuzungumze habari ya somo moja la Kiingereza ambalo kila mtoto hukutana nalo mapema, na ambalo kwa maoni yangu tunalipitia kwa haraka kuliko linavyostahili. Ni somo la majina ya watu wa familia. Vitabu vya kuanzia huliweka jirani na salamu, rangi na viungo vya mwili. Kwa shule za serikali Tanzania Bara limekuwa somo la watoto wadogo zaidi, maana mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeanzisha Kiingereza darasa la kwanza, wakati mtaala uliotangulia ulingoja mpaka darasa la tatu. Anayeketi leo mbele ya mwalimu kusikia "father" na "mother" kwa mara ya kwanza ni mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka.

Unajua jinsi kipindi kinavyokwenda. Mwalimu anapiga mstari katikati ya ubao. Kushoto anaandika "father", kulia anaandika baba. Kushoto "mother", kulia mama. Anashuka hivyo hivyo: "brother" kaka, "sister" dada, "uncle" mjomba, "aunt" shangazi, "cousin" binamu. Darasa linaitikia kwa sauti moja, madaftari yanajaa, na Ijumaa kuna zoezi la kuoanisha. Karibu wote wanapata.

Sasa mfuate mtoto huyo nyumbani. Anamkuta baba yake mdogo amefika kutoka safari, amekaa barazani anakunywa chai. Mtoto anataka kuonyesha alichojifunza, anafungua daftari, na baba mdogo hayumo. Neno "uncle" lipo, lakini mbele yake pameandikwa mjomba, na mtoto wa miaka saba anajua vizuri kabisa kwamba baba mdogo si mjomba. Mjomba ni wa kwao na mama. Baba mdogo ni baba. Basi mtoto anajitengenezea lake: "small father". Mwalimu akilisikia kesho yake anamkosoa, pengine na wenzake wanamcheka, na hakuna anayemwambia alichokosea ni nini. Tena mtoto huyo alikuwa na akili kuliko daftari lake. Alijaribu kusema ukweli wa nyumbani kwao kwa maneno aliyopewa, na maneno hayakumtosha.

Tuutazame ukweli huo kwa makini, kwa sababu sisi wenyewe tumeuzoea mno hata hatuuoni. Katika Kiswahili ndugu wa kiume wa baba ni baba, mkubwa au mdogo kwa kufuata kuzaliwa kwake na baba yako. Haijalishi umri wake mbele yako wewe. Wapo watu wenye baba mdogo waliyemtangulia shule. Dada za mama ni mama, wakubwa na wadogo. Kwa hiyo watoto wa baba mkubwa na wa mama mdogo ni kaka na dada zako, hawana jina lingine. Lakini ukivuka, ukaenda kwa dada wa baba au kwa kaka wa mama, hapo majina yanabadilika: shangazi, mjomba, na watoto wao ni mabinamu, ambao katika makabila mengi ndio watani wako. Pwani na visiwani utasikia pia ami kwa ndugu wa baba. Kiingereza hakikugawanya hivyo. Kimeweka wazazi peke yao ndani ya ua, kisha kimewakusanya ndugu wote wa kiume wa pande zote mbili chini ya "uncle", ndugu wote wa kike chini ya "aunt", na watoto wao wote, wa kike na wa kiume, chini ya "cousin".

Mmarekani Lewis Henry Morgan aliyaweka mambo haya katika kitabu kikubwa mwaka 1871, baada ya kukusanya majina ya watu wa familia kutoka kwa watu wa mabara mengi. Alionyesha kwamba kumwita ndugu wa baba kwa jina la baba si uchanga wa lugha wala upungufu wa akili. Ni mpangilio kamili wenye mantiki yake, na alianza kuujua kwa Wairokwoi wa huko kwao Amerika Kaskazini, watu ambao hawajapata kuiona pwani yetu. Kwa hiyo mwalimu akisimama darasani ajue kuwa mbele yake kuna mipangilio miwili, kila mmoja mzima, na kazi yake ni kumvusha mtoto kutoka mmoja hadi mwingine bila kuubomoa wa kwanza.

Liko jambo jingine ambalo napenda sana walimu walijue. Hata Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi siku zote. Waingereza wa kale, kabla ya kuvamiwa na Wanormani mwaka 1066, walikuwa na neno lao la ndugu wa baba na neno jingine la kaka wa mama, neno la dada wa baba na neno jingine la dada wa mama. Wanne hao walitajwa mbalimbali, kama kwetu. Kisha Kifaransa kikaingia na watawala wapya, na baada ya muda maneno yale ya kale yakasukumwa pembeni na "uncle" na "aunt". Na maneno hayo mawili ukiyafuata mpaka kwenye Kilatini, mama wa Kifaransa, utakuta "uncle" limetoka kwenye jina la kaka wa mama, na "aunt" limetoka kwenye jina la dada wa baba. Yaani mjomba na shangazi hasa! Wale wazee wetu walioandika ubaoni "uncle" mjomba na "aunt" shangazi waligusa asili bila kujua. Ila Mwingereza wa leo haongei Kilatini, na mtoto wetu anajiandaa kuzungumza na Mwingereza wa leo, na Mkenya, na Mnigeria, na Mhindi, na kila mtu atakayekutana naye kwa lugha hiyo.

Tufanyeje basi? Mimi nina shauri moja, na ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo. Tuahirishe "uncle", "aunt" na "cousin". Yaje baadaye. Tuanze na maneno manane tu: "father", "mother", "brother", "sister", "son", "daughter", "husband", "wife". Baba, mama, kaka, dada, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, mume, mke. Pamoja na hayo tufundishe ile alama ndogo ya umilikaji, kikoma cha juu na herufi s, inayomfanya mtu aseme "Asha's mother".

Kwa nini manane hayo? Wataalamu wa anthropolojia wanapotaka kuandika ukoo wa watu wowote duniani, hutumia herufi za maneno hayo hayo manane. F ni baba, M ni mama, B kaka, Z dada, kwa kuwa S imekwisha kuchukuliwa na mtoto wa kiume, D binti, H mume, W mke. Kwa kuziunganisha wanaweza kumtaja mtu yeyote katika ukoo wowote. Baba mdogo ni FB. Mjomba ni MB. Mtoto wa shangazi wa kiume ni FZS. Kama manane hayo yamewatosha kuandikia vitabu vizima vya koo za dunia, yatamtosha mtoto wa darasa la kwanza au la tatu kueleza watu wa kwao.

Sikiliza inavyokuwa darasani. Mtoto akishajua "father" na "brother" na ile alama, anaweza kusema "my father's brother". Amekwisha kumtaja baba mdogo kwa Kiingereza sahihi ambacho mtu yeyote anayejua lugha hiyo ataelewa. Ongeza "younger" na "older", na sasa baba mdogo na baba mkubwa wametengana: "my father's younger brother", "my father's older brother". Hapa mwalimu akaze kwenye "younger", maana kwetu Afrika Mashariki tumezoea kusema "my young brother", na hilo lina maana nyingine. Mdogo wako akifika miaka sitini bado ni "younger", lakini "young" si tena. Mjomba ni "my mother's brother". Shangazi ni "my father's sister". Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni "my mother's older sister's daughter". Ndefu, kweli, lakini watoto wanapenda urefu huo. Wape kadi nane, kila kadi na neno lake, wasimame mbele ya darasa kwa mstari, na waliokaa waseme huyo wa mwisho kwa Kiswahili ni nani. Badilisha kadi moja katikati, ukoo mzima unahama, na wao wanapiga kelele kwa kushindana kutoa jibu.

Baada ya hapo, na si kabla, mwambie: Waingereza wana njia ya mkato. Ndugu wa kiume wa baba na wa mama, wote wanawaita "uncle". Mtoto sasa analipokea neno kama kapu linaloingia watu anaowajua mmoja mmoja, akina baba mkubwa, baba mdogo na mjomba pamoja. Hana tena haja ya kuchagua nani aachwe nje. Na akikutana na Mwingereza aliyesema "my uncle", atajua kuuliza: kwa baba au kwa mama? Ni swali zuri la mwanafunzi, na linampa nafasi ya kuongea zaidi.

Ile alama ya umilikaji inahitaji muda wa pekee, msikilizaji, na hapa naomba walimu wasione uchovu. Kiswahili kinaanza na mtu anayetajwa, kisha mwenyewe: mama wa Asha. Kiingereza kinaanza na mwenyewe. Mtoto anapogeuza kwa mara ya kwanza anapotea, na wengi huishia kwenye "mother Asha", hasa kwa sababu mtaani ndivyo tunavyowaita wazazi, Mama Asha, Baba Juma. Kwa Mwingereza "Mother Asha" ni mtawa wa kanisani. Basi tenga kipindi kizima kwa ajili ya kugeuza tu. Chukua vitu vya darasani kwanza, kalamu ya Musa, begi la Neema, mpaka ulimi uzoee kumtanguliza mwenyewe, ndipo uingie kwa watu.

Halafu kuna lile la "he" na "she". Kiswahili hakina shida hiyo. Yeye ni yeye, na "yake" ni yake, awe mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana hata watu wazima wenye shahada utawasikia wakisema "my mother, he is a teacher". Somo la familia ndilo mahali pazuri kuliko pote pa kulikomesha hili, kwa sababu hapa mtoto hana shaka juu ya nani ni mwanamke na nani ni mwanamume. Na kwa "his" na "her", kanuni iwe moja tu ya kusema na kurudia: mtazame mwenyewe, usimtazame anayetajwa. Mama wa Musa ni "his mother", ingawa mama ni mwanamke, kwa sababu mwenyewe ni Musa. Nimesikia walimu wakilipita jambo hili kwa sentensi moja. Lisipitwe. Linarudi kwa mtu mpaka chuo kikuu.

Katika matamshi nako tunao mtaji ambao hatuutumii. Mtaani watoto wanasema faza na maza, na shuleni wanabaki hivyo hivyo. Lakini sauti iliyo katikati ya "father", "mother" na "brother" ni ile ile ya fedha na dhahabu. Kiswahili kinayo! Mwambie mtoto aseme fedha polepole, ashike ile dh kwa ncha ya ulimi kwenye meno, kisha aseme "father". Kama kwao wanasema feza na zahabu, basi siku hiyo amerekebisha lugha mbili kwa pamoja.

Kuhusu wakwe na mashemeji nitapita upesi, kwa sababu si ya wanaoanza. Maneno manane na ile alama yatawatosha: wifi ni "my husband's sister" au "my brother's wife", na mtoto anaweza kuyangoja yale ya "in-law" mpaka madarasa ya juu.

Sasa niseme jambo linalonigusa zaidi kuliko yote. Vitabu vingi vinaanza na picha: baba, mama, mvulana, msichana, wamesimama mbele ya nyumba. Chini yake zoezi: chora familia yako. Mwalimu, katika darasa lako yumo mtoto ambaye baba yake amefariki. Yumo anayelelewa na bibi kijijini wakati mama anafanya kazi mjini. Yumo ambaye nyumbani kwao kuna mama wawili wa halali kabisa. Yumo anayemchora dada wa kazi, kwa sababu dada ndiye anayemwogesha na kumpeleka shule, na kwa Kiswahili chake yule ni dada. Ukimlazimisha kila mmoja ajaze picha ya kitabu, utawafundisha baadhi yao kudanganya kwa Kiingereza kabla hawajajua kusema kweli. Wengine watakaa kimya, na wewe utadhani hawajaelewa somo.

Kuna swali lililo bora zaidi, na ni rahisi kulifundisha: "Who do you live with?" Unaishi na nani? Kila mtoto ana jibu. "I live with my grandmother." "I live with my mother and my mother's sister." Kitenzi hiki "live with" kingepaswa kuwa ubaoni siku ya kwanza, pamoja na yale manane. Na kwa kuwa fomu zetu za shule huandika mzazi au mlezi, mfundishe na neno "guardian" mapema. Mtoto anayelelewa na bibi analihitaji kuliko anavyohitaji "nephew".

Tusidhani pia kwamba wanaoanza Kiingereza ni watoto peke yao. Wako Wakongo waliokimbia vita wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Maelfu kati yao wamehamishiwa Marekani, na wengi wanaongea Kiswahili. Watu wazima hao wameketi leo katika madarasa ya jioni huko ugenini, na somo lao la familia halina picha ya mvulana na mbwa. Somo lao ni fomu. Jina la baba, idadi ya ndugu, uhusiano wako na anayeomba kukufuata. Mtu akiandika "brother" kwa mtoto wa baba mdogo, kwa lugha ya moyo wake amesema kweli. Kwa afisa anayesoma, amesema mtoto wa baba mmoja na mama mmoja, na mahojiano yajayo yasipolingana na fomu, anahesabiwa mwongo.

Hili si la kubuni. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu vipimo vya DNA kwa wakimbizi waliokuwa wakiomba kuwafuata jamaa zao, kwanza Nairobi, kisha katika miji mingine ya Afrika, na wengi wa waliopimwa walitoka Somalia na Ethiopia. Ilionekana kwamba katika familia nyingi uhusiano wa damu haukuwa kama ulivyoandikwa. Mpango wa kuwafuata jamaa ukasimamishwa mwaka huo huo, ukafunguliwa tena 2012. Walikuwemo wadanganyifu, sitakataa. Lakini katika nchi zenye vita mtoto wa marehemu kaka yako ni mwanao, unamlea, unamsomesha, na hakuna anayekuuliza karatasi. Aliyejua kuandika "my brother's son, I raised him" alikuwa na njia ya kusema kweli yote. Ambaye hakujua alikuwa na neno moja tu, "son", na neno hilo kwenye fomu lilipimwa kwa damu.

Kwa mwalimu wa watu wazima, basi, mambo ni yale yale: maneno manane, alama ya umilikaji, "older" na "younger", "live with", "guardian". Ongeza "raised" kwa malezi, na "died", kwa sababu wengi watahitaji kulisema. Wafanye mazoezi ya kuulizwa na kujibu mpaka waweze kumweleza afisa, daktari au mwajiri, bila mkalimani, kwamba mwaka jana walimzika baba aliyewazaa na mwaka huu wamemzika baba mkubwa, na kwamba misiba yote miwili ni ya baba.

Mwalimu unayenisikia, ukifika kwenye mada hii muhula huu, usianze na safu mbili za ubaoni. Waulize watoto kwa Kiswahili kwanza: shangazi ni nani kwa baba yako? Mjomba ni nani kwa mama yako? Waache wajibu, wabishane kidogo, ndipo ulete Kiingereza. Nawe mzazi, mtoto akikuletea daftari lenye "uncle" mjomba, usimwambie mwalimu amekosea. Mkalishe, mtajie kwa jina ndugu wote wa baba yake na wa mama yake, na mwombe akueleze kila mmoja kwa Kiingereza, kuanzia na "my father's" au "my mother's". Kazi hiyo haihitaji kitabu, na hata mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuisimamia, kwa sababu ukoo anaujua yeye.